Kwa Nini Mabirika Yalivunjika

Barua ya Murtaza ilifika siku ya Jumatatu, imeletwa na dereva wa lori aliyevuka mpaka wa Horohoro alfajiri. Bi Nilofer aliisoma amesimama mlangoni, kisha akaenda kuketi akaisoma tena. Mimi nilikuwa uani napepea jiko. Nilijua si habari njema, maana ingekuwa njema angenisomea kwa sauti.

Baadaye alikuja na kijisanduku cha bati, akakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. "Fungua, Saleha."

Ndani mlikuwa na mabirika kumi na mawili ya kahawa, kila moja ukubwa wa punje ya kunde. Tisa yalikuwa yamevunjika mikono. Chini yake kulikuwa na viti vidogo vilivyokatika miguu, na kitanda cha besera kilichobakiwa na nguzo moja.

"Murtaza anasema wenye duka wamechoka," alisema. "Mzigo ujao ukivunjika, ndiyo basi. Watatafuta watu wengine." Alitazama mlango wa chumba cha kazi, akapunguza sauti. "Mtu anafanya nini na udongo wangu, Saleha?"

Hakusema mtu gani. Lakini tulikuwa wafanyakazi wawili tu nyumbani mwake, na mmoja alikuwa mimi.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza vyombo vya nyumba za wanasesere. Murtaza, kaka yake Bi Nilofer, alikuwa akiviuza Mombasa kwenye duka la hoteli. Wazungu huko kwao wana nyumba ndogo za mbao, watu wazima wenye mvi, wanaziweka kabatini nyuma ya kioo na kuzipanga kila chombo mahali pake. Walitaka na vyombo vya Kiswahili. Basi tukatengeneza mbuzi za kukunia nazi, masinia ya pilau, mitungi, nyungo, mabirika.

Udongo wenyewe si wa mfinyanzi. Ni udongo wa plastiki, hutoka Ulaya ukiwa vipande kama sabuni iliyokatwa, kila kipande na rangi yake. Ukiukanda hulainika kama nta. Ukiuacha juu ya sahani ya plastiki hadi kesho yake, utaukuta umeitafuna sahani. Haukauki kwa jua. Jua la Tanga huuharibu tu. Hukomaa kwa moto, tena moto mdogo wa muda mrefu. Ukizidisha moto unaungua na kutoa moshi mbaya. Ukipunguza muda, unatoka ukiwa mzuri wa kutazama, na ndani ni mkavu kama biskuti.

Ndiyo sababu niliitwa mimi. Bi Nilofer alikuwa na oveni ya umeme, lakini umeme wa siku zile ulikuja na kwenda upendavyo. Mimi nimepika mkate wa kumimina kwa kuuza tangu nilipofiwa na mume wangu, na moto wa kupalia makaa juu na chini naujua kama mlango wa nyumbani kwangu. Nilitia mchanga mkavu ndani ya sufuria, juu ya mchanga kigae, juu ya kigae vile vyombo, kisha mfuniko na makaa machache. Pembeni niliweka kipande cha karatasi nyeupe. Karatasi ikigeuka rangi ya chai, moto umezidi.

Muda niliupima kwa tasbihi. Saa ya ukutani ya Bi Nilofer ilikuwa imesimama kwa kukosa betri, na saa ya mkono ya marehemu mumewe ilikuwa kwa mwanawe, Dar es Salaam. Kabla mwanawe hajaichukua tuliipimia tasbihi: kumsalia Mtume kwa utulivu, punje tisini na tisa mara tano, ilikuwa nusu saa kamili. "Bora hiyo," Bi Nilofer alisema siku ile. "Saa inaibiwa. Hiyo nani ataiiba?"

Mwaka ulikuwa 1987. Sabuni ilikuwa imerudi madukani, na dawa ya meno, na watu walikuwa wakisimama mbele ya rafu kuzitazama tu. Lakini mioyo haikurudi upesi kama sabuni. Bi Nilofer alikuwa na vibali vya mzigo wake vyote, vyenye mihuri, na bado alipofungua boksi la udongo alifunga madirisha kwanza. Miaka minne nyuma jirani yake alichukuliwa na polisi kwa ajili ya katoni za sabuni alizoficha, na aliyekwenda kumchongea alikuwa mtu aliyekuwa akinywa chai nyumbani kwao.

Mfanyakazi wa pili alikuwa Mwanamkasi, mtu wa Mwera kule Pangani, mwanamke wa miaka ishirini na nane aliyeachwa na mumewe akaja kupanga chumba Makorora. Yeye ndiye aliyefinyanga. Kwa sindano, wembe na mswaki mkuukuu alitoa mkate ulioumuka, wenye vitundu juu, ukubwa wa ukucha. Nilipomuona mara ya kwanza akifinyanga samaki, nilimwambia kuwa sisi hatutengenezi viumbe hai, ni haramu.

"Shangazi, huyu si hai," alinijibu. "Huyu wa kukaanga. Tazama, nimemtia na ndimu."

Hata Bi Nilofer alicheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilisema: huyu ana jibu kwa kila kitu.

Siku ile ya barua ndipo nilipoanza kumchunguza. Kutoka jikoni uani niliweza kuuona mlango wa chumba cha kazi, na kupitia mlangoni niliiona meza yake. Nilihamisha kigoda changu kidogo ili nimwone vizuri. Nikazungusha tasbihi huku macho yakiwa kwake.

Siku ya pili niliona mfuko. Ulikuwa chini ya meza yake, mfuko mdogo wa karatasi, na kila baada ya muda alitia mkono ndani. Alipokwenda chooni niliinuka nikauchungulia. Ndani mlikuwa na unga wa muhogo.

Nilirudi kwenye kigoda changu. Nani asiyeijua hila ile? Miaka ya shida tulikula unga wa mahindi uliochanganywa muhogo, na sukari iliyotiwa maji ili izidi uzito. Mtu alikuwa na kikombe kimoja, akakifanya viwili. Nikasema: anautia muhogo udongo wa Bi Nilofer, uongezeke, na uliozidi anaubeba kwake. Ndiyo maana vyombo vinavunjika.

Siku ya tatu niliona fundo. Wakati wa kuondoka alikuwa na kitu amekifunga kwenye pindo la kanga, kigumu, chenye kulia kidogo. Siku ya nne alikuja asubuhi, na nguo zake zilinuka ile harufu ya udongo wa plastiki ulioiva. Mimi ndiye mpikaji. Yeye harufu ile kaipata wapi?

Na vyombo vilizidi kuvunjika. Nilipovitoa kwenye mchanga na kuvijaribu kwa kidole, mikono ya mabirika ilikatika kwa mguso. Kila kilipovunjika kimoja nilimtazama yeye.

"Shangazi, leo unanitazama kama mchumba," aliniambia.

"Nakutazama kwa sababu una mikono mizuri."

"Basi nitaikatia bima."

Nilipaswa kumuuliza. Maneno machache tu: mwanangu, unga huu wa nini? Sikuuliza. Nilikwenda kwa jirani yangu Zuwena, anayekaanga samaki mbele ya nyumba yake, nikamwambia yeye. Na Zuwena ukimwambia kitu, umeutangazia mtaa. Kisha, Jumatatu iliyofuata, nilimwambia Bi Nilofer.

Alisubiri hadi jioni, Mwanamkasi alipojifunga kanga kuondoka, akasimama mlangoni. "Fungua hilo fundo."

Mwanamkasi aliduwaa. "Bi Nilofer?"

"Fungua."

Alifungua. Juu ya meza yakaanguka mabirika, viti, miguu ya viti, nguzo za vitanda, vyote vilivyokwisha vunjika.

"Vitu vya Murtaza!" alisema Bi Nilofer. "Unavipeleka wapi?"

"Ni vilivyotupwa, mama. Nimeviokota kwenye pipa. Nilitaka kujua vina nini." Alinitazama mimi, akatazama chini. "Navipika tena nyumbani. Vikipikwa tena vinakuwa vigumu. Hivi nimekwisha vipika, nilivileta niviunge, sikupata nafasi."

"Unapika nyumbani! Na unga ule?"

"Mikono yangu inatoka jasho, udongo unanata. Napaka unga vidoleni tu."

"Una jibu kwa kila kitu," alisema Bi Nilofer. Yalikuwa maneno yangu yale yale, niliyokuwa nimempa mwenyewe asubuhi ile. "Kesho usije."

Mwanamkasi hakulia. Alinigeukia akasema, "Kwa heri, shangazi," akatoka.

Bi Nilofer aliingia ndani kwa hasira. Nilibaki mimi na vile vyombo mezani. Niliokota kibirika kimoja kilichobakiwa na kipande cha mkono, nikakibinya. Kipande kilipinda kidogo, kikarudi. Nikakibinya tena kwa kucha. Kikarudi. Nikachukua kingine, nikakitupa sakafuni kwa nguvu. Kiliruka na kulala chini ya kiti, kizima.

Udongo uliotiwa muhogo haufanyi hivyo. Ulikuwa udongo safi ambao mara ya kwanza haukupikwa ukaiva.

Nilijua pale pale, na sikusema. Nalikiri hili kwa sababu Mwenyezi Mungu alikuwepo na aliniona. Nilimsikia Bi Nilofer akifungua bomba ndani, hatua kumi kutoka niliposimama, na mdomo wangu haukufunguka. Niliswali magharibi nyumbani kwangu na sikujua nimesoma nini. Baada ya swala nilijitetea: karatasi haikugeuka, moto ulikuwa sawa. Tasbihi nimeizungusha mara tano kila siku, sijapunguza hata punje moja. Kosa langu liko wapi?

Kesho yake alasiri nilikuwa na darasa. Mwaka ule nilikuwa najifunza kusoma na kuandika pamoja na wanawake wengine katika shule ya msingi ya mtaani, wanafunzi wakishaondoka. Mwalimu wetu alikuwa Fanueli, kijana wa Kibondei, mpole sana. Wiki ile alikuwa akitufundisha dakika, na alikuja na saa ya mezani yenye mshale mwekundu. Darasa lilipokwisha nilimuomba aniachie ile saa kidogo.

"Mama, unataka kufanya mtihani peke yako?"

"Ndiyo, mwalimu. Mtihani hasa."

Nilikaa dawati la nyuma. Nilimuomba Mungu anizuie nisijidanganye. Kisha nikaweka macho mlangoni kama nilivyokuwa nikiyaweka kwa Mwanamkasi, nikafikiria mfuko wake, fundo lake, harufu ya nguo zake, nikaanza kuzungusha. Mwalimu Fanueli alikuwa anafuta ubao. Baada ya muda aligeuka.

"Mama Saleha, samahani. Unasali, au unaikimbilia treni?"

Nilimaliza mizunguko mitano, nikatazama saa. Dakika kumi na saba.

Nikaanza upya. Safari hii nilifumba macho na kutamka kila neno likamilike. Mzunguko mmoja tu, dakika sita na zaidi kidogo.

Nilifunika uso kwa kanga. Wiki nzima vidole vilikuwa vikisali na mimi sikuwepo. Nilikuwa kwenye meza ya mtu mwingine, nahesabu dhambi zake. Na hata kabla ya hapo, nilipokumbuka vizuri, moyo ulikuwa umekwisha hama: miezi ile ya mzigo wa kwanza nilikuwa nikitega sikio kwa mgambo, kwa wapangaji, kwa kila anayepita uchochoroni akauliza tunapika nini. Kadiri nilivyoshuku, ndivyo nilivyokimbia. Kadiri nilivyokimbia, ndivyo vilivyovunjika. Na vilipovunjika nilipata sababu ya kushuku zaidi.

Asubuhi nilimwendea Bi Nilofer, nikamweleza yote nimesimama. Alinisikiliza bila kuweka kikombe chake chini.

"Are, Saleha," alishangaa. "Juzi umeniambia ni mwizi. Leo unaniambia ni wewe. Nimuamini Saleha yupi?"

"Wa leo, Bi Nilofer."

"Wa juzi naye alisema hivyo hivyo. Nitajuaje kuwa hukwenda kwake jana mkapatana? Nitajuaje kuwa hamgawani?"

Nilimwambia achukue udongo kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye boksi, bila mtu kuugusa, na aazime saa kwa jirani. Alifanya hivyo. Akakunja mikono ishirini ya mabirika, mibaya, minene upande mmoja na myembamba upande mwingine, maana ufundi haukuwa wake. Tuliiweka juu ya kigae. Dakika ya kumi na saba alifunua sufuria akatoa kumi kwa koleo. Kumi tuliiacha hadi nusu saa. Muda wote alikuwa amekaa mkabala nami, saa mkononi, na hakunitazama usoni bali mikononi, kama mtu anavyomtazama anayemshuku, nami nalijua hilo.

Ilipopoa aliijaribu mwenyewe. Ile kumi ya kwanza ilikatika yote. Kumi ya pili ilikataa. Mmoja aliukunja mpaka ncha zikakaribia kukutana.

"Nilimfukuza kwa ajili ya neno lako," alisema Bi Nilofer.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nimekwisha taka kuliamini." Aliiweka ile iliyovunjika kwenye kiganja. "Mwambie arudi. Mwambie mimi nimesema. Na kama hakutaka, mzigo wa Murtaza hauna wa kuufinyanga, tutafunga. Hivyo pia mwambie."

Makorora nilimkuta Mwanamkasi ameketi kwenye ngazi ya chumba chake, anapanga nguo ndani ya kikapu. Aliniamkia shikamoo, kwa adabu ile ile, na hakunikaribisha kuketi. Nilimweleza. Nilimwambia kuhusu tasbihi, kuhusu saa ya mwalimu, kuhusu kigoda nilichokisogeza, kuhusu Zuwena.

"Nilijua ni muda," alisema. "Nilijua siku nilipovipika mara ya kwanza kwangu."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Ningekuambiaje? Wewe mkubwa wangu, umeketi na tasbihi mkononi, nije nikuambie huzungushi sawasawa?" Alikunja gauni, akalifungua, akalikunja tena. "Nilisema nivipike mimi kimyakimya, niviunge, nivirudishe. Hutafahamu. Hutaaibika."

Nilimuomba radhi. Alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

"Bi Nilofer anasema urudi."

"Nikirudi nitalala wapi? Sadalla mwenye nyumba ameniambia nihame mwisho wa mwezi. Hataki mwizi. Alisikia kwa nani? Mimi sikumwambia. Bi Nilofer hamjui hata kwa sura." Sasa ndipo alipoinua macho. "Ulipokwenda kwa Zuwena kunisema, ulisema umekaa au umesimama?"

"Nimesimama."

"Kulikuwa na watu?"

"Watatu au wanne."

"Basi nenda kasimame."

Nilikwenda. Zuwena alikuwa kwenye karai lake, na wanawake wanne wakisubiri samaki. "Karibu, shoga!" aliita kwa mbali. "Lete habari. Yule mwizi wa udongo kasharudi kwao Mwera?"

"Nimekuja na habari ya mwongo," nikasema.

"Enhe! Nani tena?"

"Mimi."

Walicheka wote. Niliwaacha wacheke, kisha nikaanza. Niliwaambia kuwa Mwanamkasi hakuiba kitu, kuwa nilimsingizia, na kuwa vyombo vilivunjwa na uvivu wa moyo wangu. Nilipofika kwenye tasbihi, kicheko kilikwisha. Zuwena alikuwa ameacha kugeuza samaki, na upande mmoja ulianza kuungua.

"Amekupa nini?" aliuliza.

"Hajanipa kitu."

"Saleha, mimi si mtoto. Wiki iliyopita umesimama hapo hapo ukaapa. Ama alikupa kitu, ama amekutia kitu." Aliwageukia wenzake. "Ama walikuwa pamoja tangu mwanzo."

Mwanamke mmoja alisogeza kapu lake mbali na mguu wangu, taratibu, kama hakutaka nione. Niliona. Nilimwelewa, maana wiki nzima nilikuwa kama yeye.

"Nishukuni mimi," nikasema. "Nastahili hilo. Lakini yeye mwacheni. Nasema tena." Nikarudia tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi, na mtu aliyekuwa anapita na baiskeli akasimama kusikiliza. Nilirudia hadi mwisho. Hakuna aliyeniambia kuwa ameniamini. Zuwena alisema tu, "Samaki wangu ameungua," akamtupia paka.

Nilipogeuka kuondoka nilimuona Mwanamkasi. Alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba ya pili, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa amenifuata. Hakuamini kuwa nitasema, akaja kusikia mwenyewe.

Nilimwendea. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Imetosha?"

"Sadalla hakuwepo hapa."

"Yuko wapi?"

"Soko la Mgandini. Anauza nazi, na saa hizi wateja ni wengi."

Nilitengeneza kanga yangu kichwani. Alinionyesha njia kwa kidevu, nitangulie, naye akabaki nyuma yangu mahali ambapo angeweza kuniona.